Kiti cha Kushoto

Hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, magari mengi yana usukani kulia, ilhali barabarani tunashika kulia. Yametoka Japani, yakashushwa Mombasa, yakapita Uganda ambako watu hushika kushoto, kisha yakaingia kwetu kwa njia ya Mahagi au ya Kasindi jinsi yalivyo. Kwa hiyo dereva wa hapa huketi upande wa mtaro. Akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja. Anachoona ni turubai na vumbi. Anayeona ni abiria wa kiti cha kushoto. Huyo ndiye hunyoosha shingo dirishani akasema "ngoja," akasema "kuna pikipiki," akasema "sasa, pita." Dereva hupita. Hajamuuliza jina, pengine hakuwahi kumwona kabla ya asubuhi hiyo, lakini roho za wote waliomo garini amezikabidhi kwa neno lake.

Tumezoea hivyo hata hakuna anayelitaja jambo hili. Nilianza kulitazama upya siku mdogo wangu, ambaye ni fundi katika garaji moja hapa kwetu Rwambuzi, aliponijia na daftari jipya mkononi akaniambia, "Yaya, mimi nitaendesha, wewe utanisomea njia." Nia yake ni kuingia mashindano ya magari ng'ambo ya mpaka, Uganda, katika daraja la Clubman, ambamo wanaoanza hushindana wao kwa wao kwa magari ya kawaida zaidi kuliko yale ya mabingwa wa taifa. Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya zamani ambayo injini yake ameifungua na kuifunga upya kwa mikono yake. Nalo lina usukani kulia, kwa hiyo msomaji wa njia, anayemtajia dereva kona kabla hajazifikia, huketi kushoto. Kiti hicho sasa ni changu.

Watu wakisikia mashindano ya magari huwaza mguu wa dereva na ngurumo ya injini. Mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini kadiri tunavyojiandaa, ndivyo ninavyozidi kuona kwamba uzito wa kazi hii uko kwingine. Uko katika kuifanya barabara iwe mahali ambapo watu wasiojuana wanaaminiana katika jambo la kufa na kupona. Kwa mtu wa Ituri, jimbo letu lililopitia vita, hilo ni jambo kubwa sana, na ndilo linalonifanya niandike.

Wanaotazama magari ya viwanda yakiruka vumbini Naivasha, Kenya, katika mashindano ya Safari wanaweza kudhani mchezo huu ulizaliwa na makampuni. Huku kwetu ulizaliwa na watu na magari ya dukani. Safari ya kwanza ilianza tarehe 27 Mei 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika mpaka tarehe 1 Juni. Magari yaligawanywa kwa madaraja ya bei. Eric Cecil, mmoja wa walioianzisha, hakuona raha ya kuzunguka kiwanja kilekile. Alitaka watu waingie magarini, wafunge milango, wavuke nusu ya bara na kurudi. Ilikuwa sherehe ya wakoloni, na Mwafrika alikuwa kando ya njia akiyasukuma magari yaliyozama matopeni. Sitaki kulificha hilo. Lakini hata katika hali hiyo ya dhuluma, gari halikufika bila mikono ya watu wa kando ya njia, na ukweli huo umedumu kuliko ukoloni wenyewe.

Nikitafuta mtu wa kumwonyesha mdogo wangu kama kielelezo, humtaja Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza ufundi katika garaji ya baba yake, na kabla ya umaarufu aliwahi kufanya kazi ya doria kwa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi ya kuwatafuta waliokwama na kuwatoa. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kupigwa na mashindano kabla yao. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Ushindi huo ndio wanaoukumbuka watu, wakamwita Simba. Mimi huvutiwa zaidi na hesabu nyingine: kati ya Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Ili kuujua uzito wa hesabu hiyo, kumbuka kwamba mwaka 1963 yalianza magari 84 yakafika saba, na mwaka 1968 yalianza 93 yakafika saba tena. Mtu aliyewahi kuwaokota waliokwama alijua ni nini hasa humkwamisha mtu. Hodari huyu alishinda kwa sababu alikuwa amechungulia chini ya magari ya watu wengi.

Patrick Njiru wa Kenya naye mwaka 1993 aliimaliza Safari kwa Subaru Vivio, kigari chenye injini ya sentimita za ujazo 660 hivi, ilhali Colin McRae, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia, aliishia njiani na Vivio kama hiyo. Mwaka uliofuata Njiru alishika nafasi ya nne kwa Impreza. Wasichana wa mtaani wanaopita garajini wakiuliza kama mchezo huu una nafasi yao, nawaambia habari za Susan Muwonge, aliyekuwa bingwa wa taifa wa Uganda mwaka 2011. Huwa hawaondoki haraka baada ya hapo.

Tukirudi garajini kwetu, mdogo wangu alianza kuliandaa gari kwa kuliondolea vitu. Zulia lilitoka, kiti cha nyuma kikatoka, redio, jeki iliyokuwa ikigongana sandukuni, vifuniko vya magurudumu, hata kijitabu kilichokuwa mfukoni mwa mlango. Garini humo chochote kisichofungwa ni silaha. Chupa ya maji iliyosahauliwa sakafuni huweza kubingirika ikaingia chini ya pedali ya breki, na spana iliyo huru, gari likipinduka, huruka kama jiwe la kombeo. Kazi hiyo aliifanya kimya, siku nzima, na jioni gari lilisikika tofauti likitembea: kila mlio ulikuwa na mwenyewe, na alijua kila mmoja unatoka wapi.

Kisha akaingia kwenye breki. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu watu wa kwetu wanakufa kutokana na jambo hili hata bila mashindano. Ukiongeza mwendo mara mbili, kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka mara nne. Nguvu hiyo haipotei. Hugeuka joto, na joto husafiri kutoka kwenye diski na pedi hadi kwenye maji ya breki. Maji ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230. Lakini yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, mwezi baada ya mwezi, na yakishalowa kiwango cha kuchemka kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama mpaka sakafuni bila gari kusikia. Teremko refu la kutoka huku juu kwenda Ziwa Albert linatosha kulifanya hilo kwa basi dogo lililojaa. Nimewasikia madereva wakisema shetani ameshika breki. Mdogo wangu alimwaga maji yote ya zamani, meusi kama kahawa, akajaza mapya, akatoa hewa gurudumu moja moja huku mimi nikikanyaga na kuachia kwa amri yake. Siku hiyo mimi ndiye niliyeketi kwenye usukani na yeye ndiye aliyesema "kanyaga," "shikilia," "achia."

Usukani ulifuata: bushi, bol-jointi, ncha za tai-rodi, na kila pini ndogo inayozuia nati isirudi nyuma. Nati ikishakazwa sawasawa huchorwa mstari wa rangi nyeupe unaotoka kwenye nati kwenda kwenye chuma ilichofungiwa. Baada ya safari fundi hulala chini tena na tochi. Mstari ukiwa umekatika, nati imesogea. Napenda sana ufundi huu. Haugharimu kitu, na unamlazimisha fundi kurudi kuikagua kazi yake mwenyewe.

Injini hatukuigusa zaidi ya kuifanya iwe nzima. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mwinuko huo, kwa kuwa ni nyepesi, huinyima injini ya kawaida kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Vijana wengi wa garajini walimshauri mdogo wangu afidie kwa kuchokonoa hiki na kubadilisha kile. Alikataa, na nadhani alifanya vyema. Gari la kwanza la mashindano halihitaji nguvu ambayo dereva wake hajui kuizuia. Fedha zilikwenda kwenye filta ya hewa, kwa sababu vumbi jekundu la kwetu ni laini kama unga na husaga pete za pistoni, kwenye rejeta na mipira yake, kwenye shokapu, na kwenye bamba la chuma la kuikinga injini kwa chini, ili jiwe moja lisipasue tangi la oili na kuimaliza safari.

Kilichobaki ni mambo ya mwili wa binadamu, na hapo ndipo nilipokuwa mkali kuliko yeye. Kizimba cha vyuma kinachozuia paa lisiwaangukie watu hakijengwi kwa mabomba ya maji. Kanuni za kimataifa hutaka bomba la chuma lisilo na mshono. Kwa nguzo kuu, kwa mfano, kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5. Yapo mabomba sokoni yanayofanana nalo kwa macho, na bei yake ni ya kujaribu moyo. Mikanda ya mashindano ina tarehe ya kuisha muda wake, kwa kuwa nyuzi huchoka kwa jua na jasho hata kama haijawahi kumshika mtu. Na kofia: sisi ni watu wa mitumba, tumevaa mitumba maisha yetu yote na hatuoni aibu. Lakini kofia ya kichwa iliyokwisha kuanguka inaweza kuwa imevunjika ndani bila kuonyesha alama nje. Kofia zetu zitatoka dukani zikiwa mpya au hatuendi. Kwa hiyo tunasubiri.

Kumwandaa mtu ni kazi ya polepole zaidi. Mdogo wangu anajifunza kutazama mbali, mahali kona inapoishia, badala ya kulitazama shimo lililo mbele ya boneti, kwa maana mikono hufuata macho, na anayelikodolea jiwe hulifuata. Anajifunza kunywa maji tangu siku iliyotangulia, kulala mapema, kulegeza vidole kwenye usukani. Mimi ninajifunza kusoma nikiwa natikiswa bila kutapika. Ninajifunza pia kusema kwa wakati. Msomaji akichelewa, kona imekwisha kupita. Akiwahi mno, dereva amekwisha kusahau. Kuna kipimo kati ya hizo mbili ambacho hakiandikwi popote, na hubadilika kwa mwendo, kwa mvua, kwa uchovu wa mwenzako.

Daftari langu lina namba kutoka moja hadi sita. Moja ni kona inayokunja sana, sita ni ile ambayo ukiwa na moyo huondoi mguu. Naandika upande, namba, umbali wa kuelekea nyingine, na hatari: jiwe ndani, mtaro nje, daraja jembamba, kilima usichoona mbele yake. Tumechagua maneno mafupi yasiyofanana ili sikio lisipotee katika kelele. Siku ambazo njia ni tulivu tunakwenda kufanya mazoezi kwenye barabara ya Kasenyi, kwa mwendo wa kawaida kabisa, mwendo wa watu wote, kwani kazi ya siku hizo ni kuandika tu.

Barabara hiyo hupita kijiji cha Bogoro. Tarehe 24 Februari 2003 watu wengi waliuawa pale, wanawake na watoto wakiwamo; kesi yake ilifika mahakama ya kimataifa ya The Hague, na mwaka 2014 Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo, akatiwa hatiani. Kijiji kipo, watoto wanakwenda shule, wanawake wanauza ndizi kando ya njia. Mdogo wangu alipunguza mwendo, na mimi sikuandika kitu mpaka tulipokipita chote. Hatukuwa tumekubaliana hivyo. Nyumbani, katika daftari, kuna nafasi nyeupe kati ya kona mbili, na nimeiacha.

Jirani yetu mmoja, mama aliyekuja Bunia akiwakimbia wavamizi kutoka upande wa Djugu, alitukuta tukiwa chini ya gari akauliza, "Wanangu, watu wanakimbia kila siku hapa. Nyinyi mnataka kukimbia tena kwa kupenda?" Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua. Nimelichukua swali lake kwa uzito wote, kwa kuwa katika mji huu mwendo wa kasi una historia. Mei 2003, vita vilipouvaa mji, maelfu ya watu waliifuata barabara ya Komanda kwenda Beni kwa miguu, na gari lililopita kwa kasi lilikuwa ama la kuokoka ama la kuogopwa. Kwenye barabara ya taifa namba 27, ile ya kwenda Mahagi, magari yamewahi kwenda kwa msafara wa kusindikizwa na askari. Dereva wa njia hiyo hufundishwa na wakubwa wake jambo moja: usisimame. Ukiona gari limekaa vibaya, usisimame. Mtu akipunga mkono, usisimame. Hawana ukatili moyoni. Wamezika wenzao waliosimama.

Sasa tazama kanuni ya mashindano. Kila gari hubeba pembetatu nyekundu ya kuonya na ubao mkubwa: upande mmoja umeandikwa OK, upande mwingine SOS kwa rangi nyekundu. Ukipata ajali, msomaji wa njia hutoka, huweka pembetatu hiyo angalau mita 50 nyuma ya gari, halafu huwaonyesha wanaofuata ubao. Akionyesha OK, wanapita. Akionyesha SOS, gari linalofuata ni lazima lisimame, liwe linaongoza, liwe limebakisha kilomita moja kushinda. Asiyesimama huadhibiwa. Mtu aliyetumia mwaka mzima na akiba yake yote kutafuta sekunde anaamriwa azisahau kwa ajili ya mgeni, na anazisahau, kwa kuwa anajua kwamba aliye nyuma yake atamfanyia vivyo hivyo.

Niliposoma kanuni hiyo niliacha kusoma kwa muda. Tumeishi kwenye barabara ambamo kusimama ni hatari, na hapa kuna barabara yenye kasi kuliko zote ambamo kusimama ni sheria. Hilo ndilo jibu nililompa mama yule, kwa maneno machache zaidi. Nilimwambia tunakwenda mahali ambapo ukianguka, atakayekuja nyuma yako atasimama. Alitikisa kichwa polepole akasema, "Basi nendeni mkajifunze, mrudi nayo."

Zipo kanuni nyingine zenye roho hiyohiyo. Kati ya sehemu za kushindana, magari husafiri kwenye barabara za kawaida pamoja na bodaboda na wanafunzi, na yana saa maalumu ya kufika kituoni. Aliyechelewa huongezewa adhabu ya sekunde 10 kwa kila dakika. Aliyewahi huongezewa dakika nzima kwa kila dakika aliyowahi. Kuwahi kunaadhibiwa mara sita zaidi! Waliotunga sheria walijua kwamba kijana mwenye gari la mashindano atajaribiwa kuonyesha mbio mbele ya watu, wakaamua kumwondolea faida yoyote ya kufanya hivyo. Mbio zina mahali pake. Nje ya hapo wewe ni dereva kama wengine, na mtoto anayevuka njia na kuni zake kichwani ana haki kuliko wewe.

Zamani haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi Safari ilikimbiwa kwenye barabara zilizo wazi, katikati ya mabasi, ng'ombe na twiga. Hali hiyo ilidumu mpaka 2002, mwaka ambao ilipoteza nafasi katika ubingwa wa dunia. Iliporudi mwaka 2021, sehemu za kushindania zilikuwa zimefungwa. Wapo wanaosema ladha imepotea. Siwaelewi. Kuifunga barabara kwa saa chache maana yake ni kwamba mtu amekwenda nyumba kwa nyumba akasema: siku fulani, kuanzia saa fulani, tunaomba msipite hapa, msifungue mbuzi, mkae upande wa juu wa kona. Na wenye kijiji wakakubali. Hakuna ubingwa unaoweza kunishawishi kwamba kukubali huko ni kitu kidogo.

Kwetu barabara hufungwa pia. Hufungwa na wenye bunduki, hufungwa na vizuizi vya kamba na gogo ambapo kila anayepita hutoa kitu, hufungwa kwa amri. Tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi. Wanaokaa kando ya barabara hizo hawakuulizwa. Historia ya mchezo wenyewe inajua maumivu ya namna hiyo. Shekhar Mehta alizaliwa Kampala. Mwaka 1972 familia yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizofukuzwa na Idi Amin, na mwaka uliofuata alishinda Safari kwa mara ya kwanza kati ya tano. Mipaka ikazidi kuwa migumu, na baadaye maneno Afrika Mashariki yakaondolewa katika jina, na mashindano yakabaki ya Kenya peke yake. Barabara iliyoanza kwa kuunganisha nchi tatu ilifupishwa na siasa. Nchi yetu haikuwamo hata mwanzoni, ingawa udongo ni uleule na ziwa linalotutenganisha na Uganda huvukwa na wavuvi kila siku.

Ningependa mashindano yafanyike Bunia. Nasema wazi, nikijua jinsi yanavyosikika. Sitaki ya mabingwa wala ya helikopta. Nataka kilomita chache, asubuhi moja ya kiangazi, gari moja moja likipimwa kwa saa, na wazee wa vijiji viwili au vitatu wakiwa wamekaa na waandaaji wiki nyingi kabla. Wawepo madereva wa kila jamii ya Ituri, na kila dereva aketi na msomaji asiyetoka nyumbani kwao. Hema, Lendu, Alur, Bira, Nande, yeyote. Nimeona vikao vingi vya maridhiano katika mji huu, vyenye hotuba nzuri na soda. Sijui kikao ambacho kingemlazimisha mtu kumwamini mwenzake kama kona ya namba mbili usiyoiona, mwenzako akiwa ndiye pekee mwenye daftari.

Hilo ni la baadaye, na linahitaji kwanza njia ambamo watu wanalala majumbani mwao. Kwa sasa tunajiandaa kwa Uganda. Kuna mambo madogo yanayotusubiri: kuzoea kushika kushoto mara tu tukivuka mpaka, ambapo kwa mara ya kwanza usukani wa gari letu utakuwa upande unaofaa na mdogo wangu ataona mbele mwenyewe, leseni za mashindano, ukaguzi wa gari, ambapo watu wenye tochi watatafuta kila nati aliyoichora mstari. Anauogopa ukaguzi kuliko mashindano. Mimi nautamani, kwa kuwa nataka mtu asiyetupenda alitazame gari hili.

Mwezi huu spana zimepumzika kidogo, tunajifunza huduma ya kwanza. Kama sheria inatutaka tusimame, basi tunapaswa kujua la kufanya tukishasimama: namna ya kulikandamiza jeraha linalomwaga damu, namna ya kumwacha aliyeumia shingo bila kumsogeza mpaka wenye ujuzi wafike, isipokuwa moto ukiwaka, namna ya kumlaza ubavu aliyezimia lakini anapumua. Mwalimu wetu ni muuguzi anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mdogo wangu anaweza kuifunga giyaboksi gizani, lakini bendeji ya kubana paja bado inamlegea, na kila ikilegea muuguzi huyo anamwambia aifungue yote aanze upya.